Kolekole wa Jumapili

Mwaka ule wa pili wa vita, mtu akitoka baharini watu wa Chula walimtazama mikono kwanza. Uso ulifuata baadaye, na salamu mwisho kabisa. Hiyo haikuwa desturi ya kisiwa. Zamani mtu alisalimiwa maji yakiwa bado yako kiunoni mwake. Lakini wenye bunduki walikuwa wamechukua mashua, nyavu na injini, wakawaachia watu ndoana za kuvulia ukingoni. Hata hicho kidogo cha ukingoni walikuja kukichukua kila walipojisikia, wakakiita ushuru. Basi watu wakajifunza kutazama mikono.

Jumapili hiyo Nassor alitokeza kwenye njia ya mikoko baada ya alasiri, pondo begani, na mkononi mfuko mmoja mdogo. Khamisa, mkewe, alikuwa amekaa na wanawake wenzake kwenye kivuli cha ukuta wa kisima, miguu imemvimba kwa mimba ya miezi saba. Aliuona mfuko akajua kilichomo: unga kopo moja, na mafuta ya kupikia ndani ya chupa ya dawa. Ndio ujira wa wazungu, haukuzidi wala haukupungua.

"Shemeji," Barke akamwita Nassor kabla hajawafikia. Barke alikuwa jirani yao ukuta kwa ukuta, tena dada yake Mzamil mwenye mashua, na ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Naam, Barke."

"Leo pia samaki wamekataa?"

"Hawakukataa. Wameshika, tena wakubwa."

"Wako wapi?"

"Wamerudishwa majini."

Wanawake wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Mchu atoke Kismayo na mashua ya kasi," Barke akasema, na mchu kwao ndiye mtu, "achome petroli ambayo wagonjwa hawaipati, avue samaki, kisha amrudishe. Na mvua ikinyesha hawa wazungu wako huirudisha mbinguni?"

Nassor akatabasamu kidogo, akapita. Khamisa alijiinua kwa kushika ukuta, akamfuata.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wazungu wawili wa shirika la misaada walikuwa wakija kila Jumapili kutoka Kismayo, pamoja na mkalimani wao Abdirahim, wakikokota kidau kimoja bapa kisichokwama hata kwenye maji ya kifundoni. Walikuwa na fimbo nyembamba na ndoana zilizofungwa manyoya ya kuku. Walitaka mtu anayeyajua maji mafupi ya nyuma ya kisiwa, kule yanakotawanyika kati ya mikoko na mafungu ya mchanga. Nassor aliyajua tangu utotoni. Alisimama nyuma ya kidau na pondo lake, akisukuma bila kutoa sauti, macho yakisoma maji: hapa tope limechafuka, pale mkia wa changu umetoka nje, kule kivuli cha kolekole kinakwenda pembeni ya mchanga. Akiona alionyesha, na mzungu alirusha.

Siku ya kwanza walitaka aonyeshe kwa saa. Ikiwa samaki yuko kulia aseme saa tatu, akiwa kushoto aseme saa tisa, kana kwamba kidau ni uso wa saa ya mkononi. Nassor aliona mkia kulia, mshale mfupi ungekuwa juu ya namba tatu, na saa hiyo kwa kila mtu mwenye akili zake ni saa tisa alasiri. Akasema saa tisa. Mzungu akarusha kushoto, samaki akakimbia. Walibishana robo saa nzima, Abdirahim akicheka mpaka akashika mbavu, kisha wakakubaliana kwamba aonyeshe kwa ncha ya pondo tu. Nassor alipomhadithia mkewe, Khamisa alicheka hadi machozi. Hilo aliliamini. La kurudisha samaki hakuliamini, ingawa hakumwambia.

Siku hiyo ya kwanza Nassor aliomba samaki mmoja apeleke nyumbani. Abdirahim alitafsiri, mzungu mrefu mwenye ndevu akajibu kwa upole, akaweka mkono kifuani. "Anasema hawakuja kuchukua kitu cha watu," Abdirahim akamwambia. "Wamekuja kupumzisha moyo. Samaki wote warudi kwao." Halafu akaongeza la kwake mwenyewe: "Usiulize tena. Kismayo kuna watu wengi wanaojua kushika pondo."

Nassor hakuuliza tena.

Nyumbani Khamisa aliusonga unga wote ukawa sima ndogo, akaipakua kwenye sinia mbele ya mama mkwe wake. Bi Kuluthumu macho yalikuwa yamepofuka, lakini pua yake ilikuwa macho vizuri. Juu ya kinu kulikuwa na ndimu moja, mbichi, imechumwa asubuhi kwenye mndimu wa uani. Kila Jumapili Khamisa alichuma ndimu moja akaiweka pale, isije nyumba ikapata samaki ghafla ikaaibika. Zile za Jumapili zilizopita zilikuwa zimekauka, amezipanga kwenye shubaka.

"Ndimu naisikia," akasema Bi Kuluthumu. "Samaki simsikii."

"Hayuko, mamangu."

"Basi iache. Marehemu mume wangu alikuwa akisema samaki asiyekamuliwa ndimu haliwi, humezwa tu. Na sisi hata wa kumeza hatuna."

Khamisa akamsogezea Nassor upande wa sinia. Nassor akasema lile alilolisema kila Jumapili: "Kuleni nyinyi. Mimi nimeshakula kwa wazungu."

Khamisa alilipenda neno hilo. Lilimpa nafasi ya kula bila kuhesabu matonge, na lilimpa jambo la kusema mbele ya wanawake wenzake, ambao waume zao hawakuwa wakila kwa mtu yeyote. Kisimani alikuwa akilitaja kwa kulizungusha: mume wangu hula huko huko, mimi nimepunguziwa kazi. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na njaa, na mwenye njaa naye hutaka pa kujivunia.

Siku hiyo Nassor alikuwa na kitu kingine. Alikitoa mfukoni mwa shati akakiweka juu ya mkeka. Kilikuwa picha, ngumu, ukingo wake mweupe. Nassor alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, na mikononi amemkumbatia kolekole mpana kama sinia ya harusi, tumbo linang'aa. Nassor wa kwenye picha hakucheka.

"Hii imepigwa lini?"

"Leo. Inatoka papo hapo, kamera inaitema yenyewe. Yule mrefu kanipa."

Khamisa akaigeuza huku na huku. Hatimaye alikuwa na kitu cha kushika mkononi. Aliinama kumrudishia, na shati la Nassor likamnukia moshi. "Leo mmewasha moto?"

"Walichemsha kahawa," akasema Nassor, akainuka akatoka uani, akakaa huko mpaka magharibi.

*

Kosa lilikuwa la Khamisa, na lilikuwa kosa la mtu aliyechoka kuchekwa. Asubuhi, kabla jua halijachomoza, akaipeleka ile picha kwa Barke.

"Si mlisema mume wangu anatunga? Tazama basi."

Barke akafuta mikono kwa leso, akaitazama kwa muda mrefu. "Huyu ni kolekole."

"Ndiye."

"Na aliyemshika ni Nassor."

"Ndiye."

"Basi samaki yupo," akasema Barke taratibu. "Sisi tulidhani hakuna samaki, mwenzangu. Tulidhani shemeji anaona haya kurudi mikono mitupu, ndiyo akatunga. Kumbe samaki yupo, tena wa kulisha mtaa mzima. Alikwenda wapi?"

Khamisa akanyoosha mkono arudishiwe. Picha ikaombwa nyumba ya pili iangaliwe kidogo, ikaenda ya tatu, ya nne. Chula mashua ikirudi na samaki, kitoweo cha mjane na cha mgonjwa hutoka kwanza, kabla mwenye samaki hajawasha moto. Asiyetoa hana jina la kuitwa. Sasa watu wenye watoto walioota nywele nyekundu kwa njaa walikuwa wameshika mkononi sura ya kolekole na sura ya mtu aliyemvua. Jioni picha ikarudi kwa Khamisa. Mtu alikuwa amekwaruza tumbo la samaki kwa ukucha mpaka rangi imetoka.

*

Jumanne Khamisa alikwenda kwa Mzamil kuuliza habari ya safari ya kukimbilia Kiunga, ng'ambo ya mpaka.

Mashua ya Mzamil ndiyo peke yake iliyobaki kisiwani, na ilibaki kwa sababu yeye mwenyewe aliing'oa mbao tatu za ubavu, akailaza ndani ya mikoko ionekane imekufa. Wenye bunduki waliipiga teke wakaiacha. Injini yake alikuwa ameifukia kwenye mchanga chini ya banda la kuku. Sasa mbao zimerudi, na Mzamil alikuwa akitia kalafati. Bamvua la wiki inayofuata, alfajiri ya Jumanne, maji yangepanda ya kutosha mashua kuelea kutoka mikokoni. Likipita hilo ni kungoja nusu mwezi mwingine, na nyumba ya Khamisa haikuwa na nusu mwezi. Siku kumi nyuma wenye bunduki watatu waliingia uani wakamuulizia yule anayejua maji mafupi. Walitaka awaongoze visiwani kwa njia ambazo hazionekani. Kwa bahati Nassor hakuwepo. Wakamwambia Bi Kuluthumu kwamba watarudi, na kwamba asiyewaongoza kwa hiari huongoza kwa namna nyingine.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba. Keti, mwanangu."

"Nikiketi siinuki. Nimekuja kuuliza vyombo vyetu tuvilete lini."

Mzamil akaendelea kusukuma pamba katikati ya mbao. Hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililomtisha Khamisa. "Mle ndani watapanda wachu arobaini," akasema. "Maji mapipa mawili. Ikiwa injini itakufa mbele ya Ras Kamboni, kila mchu ana kikombe kwa siku, mkubwa na mdogo. Kiunga tutafika ikiwa kila mmoya ataangalia kikombe cha mwenzake kama chake. Nikipakia mchu anayekula peke yake, nitamlinda vipi na wenziwe? Watamtupa baharini, nami nitaulizwa."

"Mume wangu hali peke yake."

"Wewe mwenyewe umesema hula kwa wazungu. Umelisema kisimani, si mara moya."

Khamisa akahisi masikio yanawaka moto. Neno lake mwenyewe, alilolizungusha kwa madaha yote yale, lilikuwa limetangulia kumngojea hapa.

"Simwiti mwizi," Mzamil akaendelea. "Nasema hivi. Jumatatu baada ya alasiri aje msikitini, ashike Msahafu, ale yamini kwamba samaki wa Jumapili hajapita kinywani mwake. Akiapa nimemaliza, na Bi Kuluthumu nitambeba mgongoni mimi mwenyewe mpaka mashuani. Asipoapa, nafasi zenu tatu zina wenyewe wanaozingojea."

Khamisa alirudi nyumbani mbio mbio kadiri miguu ilivyomruhusu. Aliona jambo limekwisha. Kuapa tu. Mtu mkweli anaogopa nini?

"Siapi," akasema Nassor.

Alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anachonga ncha ya pondo. Khamisa alidhani hakusikia vizuri, akarudia yote tangu mwanzo: mapipa mawili, kikombe kimoja, nafasi tatu.

"Nimesikia. Mchu hali yamini kwa ajili ya samaki."

"Si kwa ajili ya samaki. Kwa ajili ya mamako. Kwa ajili ya huyu," akajipiga tumboni. "Kwa ajili yako, wakija kukubeba."

"Siapi, Khamisa."

"Samaki hurudishwa majini?"

"Hurudishwa."

"Basi apa."

Nassor akakusanya vipande vya mti alivyovichonga, kimoja kimoja, akavitia jikoni, akatoka. Bi Kuluthumu, aliyekuwa amejilaza akisikia yote, akageukia ukutani. Siku zilizofuata Khamisa alifunga vyombo akavifungua, akavifunga tena. Kila aliposikia mlio wa injini mbali alisimama mlangoni, mkono kiunoni, asijue anaowaogopa zaidi ni wenye bunduki au ni Jumatatu.

*

Jumapili asubuhi maji yalikupwa sana, kama yanavyokupwa bamvua likikaribia. Wanawake walishuka kuokota chaza. Khamisa alikwenda kumgongea Barke.

"Leo tunaokota upande wa mafungu. Njoo uone kwa macho yako, usije ukasema tena nimekuletea picha."

"Mimba hiyo na tope lile?"

"Njoo."

Walipita ndani ya mikoko wakishikana mikono, tope likiwafika kwenye goti. Walipofika ukingo wa nje wakajificha nyuma ya mizizi, wakakiona kidau, mbali kiasi cha kutupa jiwe mara mbili. Nassor alikuwa nyuma, anasukuma polepole, kichwa kimeinama. Khamisa hakuwahi kumwona mumewe kazini. Ncha ya pondo ikainuka, ikanyoosha. Mzungu mrefu akarusha uzi, ukaenda hewani, ukatua. Maji yakalipuka.

Vita hivyo vilichukua muda. Fimbo ilipinda, mzungu alishuka majini, akakimbia huku na kule na suruali yake fupi. Nassor naye akashuka. Mwishowe wakamwinua: kolekole, si mkubwa kama wa pichani, lakini wa kutosha nyumba mbili na wagonjwa wao. Barke akashusha pumzi. "Allah," akasema. Mate yalimjaa Khamisa kinywani mpaka akaona haya.

Kisha mzungu akamshusha samaki majini. Nassor akamshika mkia, mzungu akamshika chini ya kidevu, wote wawili wamepiga magoti, wakamsukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama watu wanaomwosha mtoto mchanga. Wakangoja. Mkia ukacheza. Nassor akafungua mikono yake, na samaki akaenda zake.

Khamisa alikuwa amengoja wiki nzima kuona hivyo, na alipoona alitamani asingeona. Hasira ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Laiti angekuwa mwizi. Mwizi angalau angekuwa na tumbo, angekuwa na siri, siku moja siri ingefika nyumbani na mwiba mkononi. Huyu alikuwa ameshika chakula cha mamake kwa mikono miwili, akakiangalia kama kinapumua vizuri, akakifungulia njia. Na alifanya hivyo kila Jumapili, akarudi nyumbani akasema kuleni nyinyi.

Barke alikuwa amekaa kwenye tope, leso yake imelowa, analia bila sauti. Ni kweli alikuwa na ulimi, lakini alikuwa pia amemzika mtoto mwezi wa saba. "Ni kweli," akasema. "Jamani, kumbe ni kweli."

"Utamwambia kakako?"

"Nitamwambia nilichokiona. Nimeona mmoya." Akajifuta. "Yeye atataka yamini kwa samaki wengine. Lakini sasa mwenzangu, mumeo anaogopa nini kuapa?"

Swali hilo lilimfuata Khamisa njia nzima mpaka nyumbani.

*

Jumatatu Nassor alikwenda. Labda ni yale aliyoambiwa na mkewe, kwamba amemwona. Labda ni mamake, aliyeomba avishwe buibui, akasema atakwenda kukaa msikitini mpaka mwanawe afike. Wanaume walikaa ndani, wanawake nje chini ya dirisha. Khamisa aliegemea ukuta, Bi Kuluthumu amemshika kiwiko.

Mzamil hakurefusha. Barke alisema kutoka dirishani alichokiona, watu wakanong'ona, wengine wakaona aibu. "Basi imebaki hii tu," Mzamil akasema. "Weka mkono, useme hukula."

Nassor alikuwa ametawadha, mikono bado imelowa. Aliinyoosha mpaka ikakaribia jalada, akairudisha akaiweka mapajani.

"Siwezi," akasema. "Nimekula mmoya."

Ikasikika nje kama ndani. Kucha za Bi Kuluthumu zikamwingia Khamisa kiwikoni.

"Yule wa kwenye picha," Nassor akaendelea, macho kwenye mkeka. "Walimweka nje ya maji muda mrefu, kwa ajili ya kamera. Wakapiga moya, ikatoka mbaya, wakapiga ya pili. Tulipomrudisha hakuamka. Akaelea tumbo juu. Yule mrefu alimwona, akageuza uso. Mimi nikamfunga kwa kamba chini ya mzizi. Wao walipoondoka nikarudi." Akakunja ukingo wa mkeka. "Nilikuwa sijala siku mbili. Wale wachu hawanipi chakula kidauni, hawajanipa hata siku moya. Nyumbani nilikuwa nikisema nimekula ili wale wao. Nikasema nitaonja kipande tu, halafu nimpeleke. Nikawasha moto wa mikoko. Nikaonja. Sikuacha mpaka nikafika kwenye miba. Nikaizika miba mchangani, nikarudi nyumbani na picha."

Katika lugha yetu samaki huliwa na yamini huliwa, na Nassor alikuwa ameona kwamba kinywa chake hakiwezi kula vyote viwili.

"Na wengine?" Mzamil akauliza.

"Wote wamerudi baharini."

Mzamil aliufunga Msahafu katika kitambaa chake, pindo kwa pindo. "Mchu anayetaka kutudanganya," akasema, "asingetuletea hili. Angesema hakula, tungemwamini, dada yangu kamshuhudia. Mimi katika umri huu nimeshakula kichu peke yangu, sijawahi kulisema mbele ya wachu." Akainuka. "Watapanda. Vyombo vije kabla ya alfajiri."

Khamisa alikuwa amepata nafasi tatu alizozililia wiki nzima, na hakupata furaha hata ya kujaza kiganja. Alimwacha Bi Kuluthumu kwa Barke, akatangulia nyumbani. Juu ya kinu ndimu ya Jumapili ilikuwa bado ipo. Aliitazama, akaiwaza ile ya Jumapili ya picha ilivyongoja hapo hapo, yeye akiwa na mtoto tumboni anampiga mateke kwa njaa, na upande wa pili wa mikoko moto unawaka. Akaifunga kwenye pembe ya leso yake kwa sababu hakujua aitupe wapi.

Alifunga vyombo. Nassor alipoingia, alimpa mgongo akaendelea kufunga.

*

Mashua ilielea kutoka mikokoni kama Mzamil alivyosema, na Mzamil alimbeba Bi Kuluthumu mgongoni kama alivyosema. Nassor aliwekwa mbele na pondo lake mpaka walipotoka kwenye maji mafupi, kisha injini ikawashwa. Watu walikaa magoti kwa magoti. Chula ilipokuwa mstari mdogo nyuma, wakazungumza wote kwa pamoja juu ya mambo yasiyo na maana: kuku wa nani amesahauliwa, nani amefunga mlango.

Adhuhuri injini ilikohoa ikazima. Mzamil akaifungua, mikono imejaa mafuta. Ras Kamboni ilikuwa mbele yao, imelala chini, rangi ya mchanga, karibu kiasi cha kuhesabu mapaa. Wenye bunduki wako pale au hawako, hakuna aliyejua. Watu walitazama pwani, wakatazama injini, wakatazama tena pwani.

"Maji," akasema Mzamil bila kugeuka. "Kikombe kimoya mchu. Anza nyuma."

Kikombe kilikuwa cha bati, kikipita mkono kwa mkono, kikijazwa upya, macho ya watu arobaini yakikifuata. Bi Kuluthumu akanywa. Khamisa akanywa, chake kikaisha bado ana kiu. Kikajazwa, kikafika kwa Nassor. Alikishika akakitazama. Kisha akakisogeza upande wa mkewe.

"Chukua wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nimeshakunywa, nyumbani."

Khamisa alimgeukia. Alilijua neno lile. Alikuwa amelila kila Jumapili kwa miezi minne, kwenye sinia, na akaenda kujivunia nalo kisimani. Sasa alilisikia lilivyo: midomo ya Nassor ilikuwa imepasuka, na chumvi ya bahari imekauka kwenye ndevu zake. Alihesabu Jumapili zile, sima zile, akatoa samaki mmoja. Hakuona deni lolote alilomdai mumewe.

Akakirudisha kikombe mpaka kikagusa kinywa cha Nassor. "Kunywa," akasema. "Kunywa nikuone."

Nassor akanywa. Khamisa alitazama koo lake likipanda na kushuka mpaka tone la mwisho, na watu waliokuwa karibu nao walitazama pia. Kikombe kikaenda mbele kwa mwenye zamu. Mzamil alivuta kamba ya injini mara moja, mara mbili, ikakataa.

"Nassor," Khamisa akaita.

"Naam."

"Yule kolekole. Ulimkamulia ndimu?"

Nassor akamtazama kama mtu anayehofia kuchekwa. "Ndimu ningeitoa wapi, Khamisa?"

"Basi hukumla," akasema. "Ulimmeza tu."

Akafungua pembe ya leso, akaitoa ile ndimu, akaiuma katikati kwa meno, na nusu moja akaiweka kwenye kiganja cha mumewe.